Titi Hujengwaje Upya Baada ya Kuondolewa kwa Saratani?

Kila unapofika mwezi wa Oktoba, utepe wa rangi ya waridi ukitundikwa kwenye malango ya hospitali na madaktari wakialikwa redioni kuzungumzia saratani ya matiti, swali moja hurudi kwa sura nyingi: je, mtu akishaondolewa titi anaweza kupata jingine? Majibu yanayotolewa vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp yamechanganyika mno. Wapo wanaosema kwamba titi jipya huamsha saratani iliyolala, wapo wanaoliona kuwa jambo la wasanii na matajiri wanaotaka kupendeza, na wapo wanaoamini kuwa daktari humpandikizia mgonjwa titi la mtu mwingine, kama figo inavyopandikizwa. Mkanganyiko umeongezeka tangu baadhi ya hospitali za Afrika Mashariki zianze kutangaza huduma za upasuaji rekebishi, kwa sababu tangazo lile lile hutaja kupunguza mafuta ya tumbo, kupunguza matiti makubwa na kurekebisha makovu ya moto, na msikilizaji huyatia yote katika kapu moja la urembo.

Ninaandika makala hii kwa sababu ya shangazi yangu, aliyeondolewa titi la kushoto akiwa na miaka 52. Asubuhi, kabla ya kutoka, huchukua kipande cha kanga iliyochakaa, hukikunja mara nne, hukiviringisha katikati kipate kitumbo, hukitia ndani ya sidiria na kukibana kwa pini mbili. Ndani ya daladala hukumbatia mkoba wake upande huo, kwa kuwa kitambaa ni chepesi na sidiria hupanda juu kila anapoinua mkono kushika bomba. Alipasuliwa vizuri, kidonda kikapona, akamaliza dawa na mionzi. Kitu kimoja tu hakikufanyika: hakuna aliyemweleza, kabla ya siku ya upasuaji, kwamba kulikuwa na jambo la kuchagua.

Mto, foronya na godoro

Tuanze na titi lenyewe. Titi ni mkusanyiko wa tezi zinazotengeneza maziwa, mirija inayoyapeleka kwenye chuchu, na mafuta yanayojaza nafasi zilizobaki. Vyote hivyo vimefunikwa na ngozi na kukaa juu ya msuli mpana wa kifua. Ukitaka kulielewa kwa haraka, fikiria mto ulio ndani ya foronya, ukalazwa juu ya godoro: tezi na mafuta ndio mto, ngozi ndiyo foronya, na msuli ndio godoro. Mfano huu nitautumia hadi mwisho, kwa sababu karibu kila uamuzi anaoufanya daktari wa upasuaji unategemea ni kipi kati ya vitu hivyo vitatu kimebaki.

Saratani nyingi za matiti huanzia ndani ya mirija au tezi, yaani ndani ya mto. Mgonjwa anapoondolewa titi lote, mto hutolewa, na siku hizi godoro huachwa mahali pake. Haikuwa hivyo zamani. Upasuaji ulioenezwa na William Halsted wa Baltimore, Marekani, kuanzia miaka ya 1880, uliondoa kwa pamoja titi, misuli ya kifua na tezi za kwapani, ukamwacha mwanamke na kifua kilichobonyea, mbavu zikionekana chini ya ngozi. Njia hiyo ilitawala kwa miongo mingi, na picha yake ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu wengi wanaposikia neno la kukatwa titi.

Baadaye tafiti zilizoongozwa na Umberto Veronesi nchini Italia na Bernard Fisher nchini Marekani zilionyesha kuwa, kwa uvimbe uliogunduliwa mapema, kuondoa uvimbe peke yake na kufuatisha mionzi humpa mgonjwa nafasi ya kuishi iliyo sawa na ya kuondolewa titi lote. Kwa hiyo si kila mwenye saratani ya titi analazimika kulipoteza. Kwetu, hata hivyo, wanawake wengi hufika hospitali uvimbe ukiwa umekwisha kuwa mkubwa, na mashine za mionzi ni chache na ziko mbali na wengi, kwa hiyo kuondoa titi lote bado ni tiba ya kawaida.

Hapa sina budi kugusa hofu inayowafanya wengine wakimbie kabisa: kwamba kisu kikigusa uvimbe, saratani husambaa. Nadhani najua hofu hiyo ilikotoka. Mgonjwa amechelewa, saratani imekwisha kusafiri hadi kwenye mifupa au mapafu bila yeye kujua, anapasuliwa, na baada ya miezi anafariki. Jirani aliyeshuhudia huunganisha matukio mawili ya mwisho, kisu na kifo, na lile la kwanza, kuchelewa, hulisahau. Saratani haisambai kwa kuingiwa na hewa ya chumba cha upasuaji.

Sasa turudi kwenye foronya. Mgonjwa anaweza kuondolewa titi pamoja na sehemu kubwa ya ngozi na chuchu, na kovu likabaki limenyooka kifuani. Anaweza pia kuondolewa mto huku ngozi karibu yote ikiachwa, au, pale uvimbe unapokuwa mbali na chuchu na vipimo vinaruhusu, ngozi na chuchu vikaachwa vyote. Njia ya pili na ya tatu humpa atakayejenga upya kazi nyepesi zaidi, maana foronya ipo na kinachohitajika ni cha kuijaza. Lakini saratani ndiyo inayotangulia kusema. Ikiwa imeshika ngozi, ngozi lazima iondoke.

Kinachojengwa ni umbo

Neno linalotumiwa na wengi, titi jipya, ndilo linalopotosha. Kinachojengwa ni umbo la titi. Tezi hazirudi, mirija hairudi, na neva nyingi zilizoleta hisia zimekatwa. Kwa sababu hiyo titi lililojengwa haliwezi kunyonyesha, ingawa lile la upande wa pili, kama halijaguswa na mwenyewe hatumii dawa zinazozuia, linaweza. Kwa sababu hiyo pia ngozi yake mara nyingi huwa na ganzi. Wapo wanaorudiwa na hisia kidogo baada ya miezi au miaka, na wapo madaktari wanaojaribu kuunganisha neva wakati wa upasuaji, lakini hisia za zamani hazirudi kama zilivyokuwa. Ganzi hiyo ina hatari inayosahaulika: mwanamke anayekanda kifua kwa chupa ya maji moto anaweza kuungua bila kusikia chochote, akagundua lengelenge anapooga.

Kujua kwamba ni umbo hujibu pia hofu ya saratani kurudi. Kujenga upya hakuleti saratani ya titi na hakuirudishi. Saratani inaweza kurudi kifuani kwa aliyejengewa na kwa asiyejengewa, kwa sababu za ugonjwa wenyewe, na inaporudi mara nyingi hujitokeza kwenye ngozi au chini yake kidogo, mahali ambapo vidole na macho vinaweza kuifikia. Mgonjwa huendelea na miadi yake ya uchunguzi, na titi lake la pili huendelea kupimwa kama kawaida.

Njia za kujenga ni kubwa mbili: kutumia kifaa kilichotengenezwa kiwandani, au kutumia nyama ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Wakati mwingine huchanganywa.

Njia ya kipandikizi

Kipandikizi ni mfuko wenye ganda la silikoni, uliojazwa ama maji ya chumvi ama silikoni laini iliyoganda kama uji mzito. Ulianza kutumika mwaka 1962 huko Houston, Texas, pale madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow walipompandikizia mwanamke mmoja aliyekuwa na matiti yake yote mawili. Hakuwa mgonjwa wa saratani, aliongezewa ukubwa. Kifaa hiki kilizaliwa upande wa urembo, na huenda ndiyo maana hadi leo anayekipata kwa sababu ya saratani hutiliwa shaka kwamba anatafuta anasa.

Ugumu wa njia hii ni foronya. Pale ngozi iliyobaki inapokuwa finyu, huwezi kusukumia mfuko wa ukubwa kamili ndani yake; mshono utafumuka. Daktari kwa hiyo huanza na puto la kutanulia, lililo karibu tupu, analoliweka chini ya ngozi au chini ya msuli wa kifua. Lina kitundu maalumu cha kupitishia sindano. Kidonda kikishapona, mgonjwa hurudi kliniki kila wiki moja au mbili, akaongezewa maji ya chumvi kidogo kidogo, kifua kikikaza kwa siku moja au mbili kila mara. Yeyote aliyewahi kubeba mimba anajua jambo hili: ngozi ya tumbo haipasuki kwa kuwa hupewa miezi ya kutanuka. Nafasi ikishatosha, puto hutolewa kwa upasuaji wa pili na kipandikizi cha kudumu huwekwa. Aliyebakizwa ngozi ya kutosha anaweza kuwekewa kipandikizi moja kwa moja siku ileile anapoondolewa titi.

Mara nyingi daktari hutumia pia utando mwembamba unaoshikilia kipandikizi kwa chini, mithili ya kikombe cha sidiria kilicho ndani ya mwili. Utando huo hutengenezwa kwa ngozi iliyoondolewa chembe hai zote, na ngozi hiyo inaweza kuwa ya binadamu aliyeichangia baada ya kufa, ya ng'ombe au ya nguruwe. Ninalitaja waziwazi kwa sababu wasomaji wengi wa Kiswahili ni Waislamu, na sijaona likielezwa. Mgonjwa ana haki ya kuuliza utando umetokana na nini, kuomba wa aina nyingine au njia isiyouhitaji, na kushauriana na anayemwamini katika dini kabla ya kutia saini.

Je, silikoni ni sumu? Historia yake imejaa misukosuko, na ni vyema kuijua ilivyo. Mwaka 1992 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ilizuia matumizi ya vipandikizi vya silikoni kwa urembo, huku wagonjwa wa saratani wakiendelea kuvipata chini ya utafiti, kutokana na madai kwamba husababisha magonjwa ya kinga ya mwili. Tathmini kubwa iliyotolewa mwaka 1999 haikuona ushahidi wa kuthibitisha madai hayo, na mwaka 2006 vikaruhusiwa tena. Mwaka 2010 Ufaransa iliondoa sokoni vipandikizi vya kampuni ya Poly Implant Prothèse baada ya kubainika kuwa vilijazwa silikoni ya viwandani isiyo ya kiwango cha tiba; mwasisi wake alihukumiwa kifungo mwaka 2013. Kisha mwaka 2019 vipandikizi vyenye ganda la kukwaruza viliondolewa au kupigwa marufuku katika nchi kadhaa, kwa kuwa vilihusishwa na saratani adimu ya chembe za kinga inayoota kwenye kovu linalozunguka kifaa. Si saratani ya titi, hutokea kwa wachache sana, na vile vyenye ganda nyororo havikuonyesha hatari ya namna hiyo. Mgonjwa apewe kadi yenye jina la mtengenezaji, aina ya ganda na namba ya kifaa, na kadi hiyo aihifadhi pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, maana bila hiyo hakuna atakayejua ndani mwake mna nini kifaa kikija kutangazwa kuwa kibovu.

Matatizo ya kawaida zaidi hayaandikwi magazetini. Mwili hukizungushia kipandikizi ukuta wa kovu, kama unavyofanya kwa mwiba uliobaki mguuni, na kwa baadhi ya watu ukuta huo hukaza mfano wa ngumi inayofumba, titi likawa gumu, likapanda juu au likauma. Mionzi huongeza sana uwezekano huo. Maambukizi yakiingia, mara nyingi kifaa hutolewa na kusubiriwa kwa miezi. Tena kipandikizi si cha maisha. Hakuna sheria ya kukibadilisha kila baada ya miaka 10, kama inavyosemwa, lakini aliyewekewa akiwa kijana ajue kwamba huenda atarudi chumba cha upasuaji siku moja, na kwamba cha silikoni huweza kupasuka kimyakimya pasipo dalili, hivyo huhitaji kupimwa kwa picha kila baada ya miaka kadhaa.

Kuhamisha mche pamoja na udongo wake

Njia ya pili ndiyo inayonivutia zaidi, nami sifichi. Mwaka 1895, huko Heidelberg, Ujerumani, daktari Vincenz Czerny alichukua uvimbe wa mafuta usio na madhara uliokuwa kiunoni mwa mgonjwa wake akaujazia pale titi lilipoondolewa. Wazo lilikuwa sahihi: mwili una akiba mahali pamoja na upungufu mahali pengine. Kilichobaki kwa miaka mia moja iliyofuata kilikuwa kutatua swali la damu.

Mkulima anaelewa swali hilo papo hapo. Ukiung'oa mche kwa kuuvuta, mizizi ikabaki ardhini, utanyauka hata ukiupanda kwenye udongo mzuri. Ukiuchimbua na bonge la udongo wake, unashika. Pande la ngozi na mafuta linalohamishwa kifuani nalo haliwezi kuishi bila mshipa unaoliletea damu na mshipa unaoitoa. Kuna namna mbili za kuhakikisha hilo: kulihamisha bila kukata mishipa yake, au kuikata na kuiunganisha upya mahali pengine.

Namna ya kwanza hutumia mgongo. Chini ya bega kuna msuli mpana uliolala kama feni, ambao mishipa yake mikuu iko kwapani. Daktari Mwitaliano Iginio Tansini aliueleza tangu mwaka 1906: msuli hukatwa upande wa chini pamoja na kipande cha ngozi, hupitishwa chini ya kwapa kama kamba kupitia tundu la sindano, na kutandazwa kifuani huku mishipa yake ikiwa haijakatwa. Ni njia ya kutegemewa, haihitaji hadubini, na inaweza kufanyika mahali penye vifaa vya wastani. Mgongo hauna mafuta mengi, ndiyo maana kipandikizi mara nyingi huongezwa chini yake. Bega hubaki na udhaifu fulani, ambao mtu wa kukaa ofisini huenda asiutambue, lakini anayelima kwa jembe, anayevuta ndoo kisimani au anayetwanga anapaswa kuupima kabla ya kukubali.

Tumbo ndilo ghala kubwa. Mwaka 1982 Carl Hartrampf wa Atlanta alieleza jinsi ya kuchukua ngozi na mafuta ya chini ya kitovu, yakiwa yameshikamana na msuli mrefu wa mbele ya tumbo, na kuyapandisha hadi kifuani. Matokeo yalikuwa mazuri kwa kugusa na kwa kutazama, kwa sababu mafuta ya tumbo ni laini kama titi, na hunenepa na kukonda pamoja na mwenyewe. Gharama yake ilikuwa msuli. Tumbo lililopoteza msuli huo hudhoofika, na baadhi ya wanawake walipata ngiri, jambo zito kwa mtu anayenyanyua magunia au kubeba mtoto mgongoni.

Suluhisho lilitokana na uchunguzi wa Isao Koshima wa Japani, uliochapishwa mwaka 1989: ngozi na mafuta ya tumbo hulishwa na vimishipa vinavyopenya katikati ya nyuzi za msuli, na mtu mwenye subira anaweza kuvifuata, akatenganisha nyuzi moja moja, akavitoa vizima na kuuacha msuli ulipo. Robert Allen wa New Orleans aliitumia njia hiyo kujenga matiti na kuchapisha matokeo yake mwaka 1994. Kwa kuwa pande sasa limetengwa kabisa na tumbo, ateri na vena yake, ambazo kipenyo chake ni milimita mbili au tatu hivi, huunganishwa na mishipa ya kifuani chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Kazi hiyo huchukua saa sita, nane au zaidi.

Lakini usiku wa kwanza wodini ndio unaoamua. Muuguzi huja kila saa. Hugusa pande kwa mgongo wa mkono kuona kama lina joto sawa na mwili, hulibonyeza kwa kidole na kuhesabu damu inavyorudi, kisha huweka kalamu ya kusikilizia juu ya alama ya uzi aliyoiacha daktari, na chumbani husikika mlio wa damu inayopita, shuu, shuu, shuu. Kwenye ngozi nyeusi rangi ya pande haisomeki kwa urahisi kama vitabu vilivyoandikiwa wagonjwa weupe vinavyodai, kwa hiyo joto na mlio ule ndivyo huaminiwa. Ukififia, mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji usiku huohuo kabla damu haijagandia kwenye mshipa. Katika vituo vyenye uzoefu, wanaopoteza pande lote ni chini ya 5 kati ya kila 100.

Anayepona hubaki na kovu refu kutoka nyonga hadi nyonga, linalofichika chini ya nguo ya ndani, na huhitaji wiki sita hadi nane kabla ya kubeba mzigo. Tumbo hutumika mara moja tu katika maisha. Kovu la kujifungulia kwa upasuaji, lile la chini lililolala, kwa kawaida halizuii. Mwanamke mwembamba asiye na akiba tumboni anaweza kuchukuliwa nyama ya paja la ndani au ya makalio, kazi iliyo ngumu zaidi.

Mafuta yanaweza pia kunyonywa kwa mrija kutoka pajani au tumboni, yakasafishwa na kudungwa kidogo kidogo kifuani. Sehemu yake hufyonzwa na mwili, hivyo hurudiwa, na hutumika zaidi kusawazisha mabonde yaliyobaki. Chuchu huja mwisho kabisa: vipande vidogo vya ngozi hukunjwa kama mwanafunzi akunjavyo karatasi, vikasimama, na mduara unaoizunguka huchorwa kwa wino wa chale unaolingana na upande wa pili. Wengi huridhika kabla ya kufika hapo.

Lini, na nani

Kujenga kunaweza kufanyika siku ileile ya kuondoa titi, au miezi na hata miaka baadaye. Faida ya siku ileile ni foronya iliyobaki na upasuaji mmoja uliopungua. Hasara ni kwamba kidonda kikichelewa kupona, dawa za saratani nazo huchelewa, na hizo ndizo zinazookoa maisha. Penye uhakika wa mionzi, madaktari wengi hupendelea kusubiri, au kuweka puto kwa muda, kwa maana ngozi iliyopigwa mionzi hupoteza mnyumbuliko na kipandikizi hukosa amani ndani yake, ilhali nyama ya tumbo huja na damu yake na hustahimili zaidi. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mvutaji wa sigara na mwenye uzito mkubwa sana huombwa kurekebisha hayo kwanza. Mwenye historia ya kovu linalovimba na kuota, ambalo hutupata sana sisi Waafrika, alionyeshe kwa daktari, hata kama ni la kutogwa sikio, ili mishono ipangwe kwa uangalifu.

Umri peke yake si kizuizi, wala hakuna anayepaswa kuulizwa kama ameolewa. Nimesikia swali hilo likiulizwa na ndugu wa mgonjwa mbele yake, kana kwamba kifua cha mwanamke ni cha mtu mwingine, na linaumiza.

Wapo pia wanaokataa kujengewa, na uamuzi wao ni kamili. Daktari anaweza kuombwa aache kifua tambarare na nadhifu, pasipo mikunjo ya ngozi inayoning'inia kwapani. Aliyechagua hivyo anaweza kuvaa titi la bandia la nje, la silikoni au la kufuma. Kenya wako wanawake waliopona saratani wanaofuma matiti ya nyuzi na kuyagawa kwa wenzao. Uzito wake una maana, kwa sababu kifua kilichopungukiwa upande mmoja hupindisha bega na kuumiza shingo. Shangazi yangu, alipoambiwa hatimaye kwamba bado anaweza kujengewa hata sasa, aliuliza mambo mawili: kama ataweza kusujudu bila kuumia tumbo, na nani atamwangalia kwa wiki zote hizo. Jibu la kwanza lilikuwa ndiyo, baada ya kupona. Kwa sababu ya la pili, akachagua la kufuma. Alilipima mkononi kama apimavyo chungwa sokoni, akarudisha la kwanza, akachukua zito zaidi.

Madaktari wa upasuaji rekebishi Afrika Mashariki ni wachache na wamekusanyika katika hospitali kubwa za mijini. Wenye hadubini na timu ya kukesha na pande la nyama ni wachache zaidi. Kwa hiyo jibu la hospitali moja lisichukuliwe kuwa ndilo jibu la tiba nzima. Mwanamke aliyepewa tarehe ya kuondolewa titi aombe kikao kabla ya tarehe hiyo, akiwa na mtu mmoja wa kumsaidia kukumbuka, aulize kama atapata mionzi, ngozi kiasi gani itaachwa, njia ipi daktari huyo ameifanya mara nyingi, na aonyeshwe picha za wagonjwa wenye ngozi kama yake, za waliofanikiwa na za waliopata matatizo.

Kuhusu malipo, Marekani ilipitisha sheria mwaka 1998 inayozitaka bima zinazolipia kuondolewa titi zilipie pia kujengwa kwake, pamoja na kurekebisha titi la upande wa pili ili yalingane, na titi la bandia kwa asiyejengewa. Kwetu ni lazima kuuliza bima moja moja, na kupata jibu kwa maandishi, barua ya daktari ikiwa imetaja saratani kuwa ndiyo sababu ya upasuaji, kwa kuwa ombi lililoandikwa upasuaji rekebishi peke yake linaweza kurudishwa likiwa limegongwa muhuri kwamba ni urembo.